Namna ya Kujua Kama Uko Hatarini Kupata Kisukari Ukiwa Bado Mzima

Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini kwa miaka bila maumivu yoyote, na wengi hukigundua macho yakiwa yamekwisha kufifia au kidonda cha mguu kikiwa kimekataa kupona. Kwa hiyo usingoje kiu na kukojoa mara kwa mara ndipo uanze kujichunguza.

Anza na ukoo wako. Waulize wazazi, shangazi na wajomba, bila kuona haya, kama yupo aliyewahi kuambiwa ana sukari, kwani mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nayo, hatari yako huongezeka. Mwanamke ajiulize pia kama sukari yake ilipanda wakati wa ujauzito, au kama alijifungua mtoto mwenye zaidi ya kilo 4.

Kisha azima futi ya kamba kwa fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi, uizungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno cha sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, na 80 au zaidi kwa mwanamke, ni onyo. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu kwetu kitambi husifiwa kuwa dalili ya maisha mazuri, ilhali mafuta yanayolizunguka ini na kongosho huufanya mwili usiitikie ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, hata kwa mtu mwenye mikono na miguu myembamba.

Ukiona onyo lolote kati ya hayo, au ukiwa umefikisha miaka 45, nenda kituo cha afya asubuhi ukapimwe sukari ya damu, bila kula chochote kwa saa 8, maji yanaruhusiwa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kipimo cha chini ya milimoli 6.1 kwa lita (mmol/L) ni cha kawaida, na 7.0 au zaidi huhitaji kurudiwa siku nyingine kabla ya kuthibitishwa kuwa ni kisukari.

Kipimo kikiwa kati ya hapo, nafasi ya kujiokoa bado ni kubwa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu wenye sukari iliyoanza kupanda, waliolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari yao kwa asilimia 58. Anza na soda, kwa kuwa chupa ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, kisha upime tena baada ya mwaka.