Grappa haitaki barafu

Wenzangu mnaohudumu baa za Nyali na Bamburi, mgeni Mtaliano akimaliza kula akaitisha grappa, msimtilie barafu. Mimi niliwahi kutia, vipande vitatu, nikidhani namfanyia hisani kwa joto lile la Februari. Aliitazama gilasi kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

Grappa hukenekwa kutokana na machicha ya zabibu, yaani maganda na kokwa zinazobaki baada ya kukamua mvinyo. Ni kama machicha ya nazi, ila haya bado yana tui lake ndani, tena la kulevya. Si brandi, brandi hutoka kwenye mvinyo wenyewe. Wafaransa kinywaji cha namna hii hukiita marc, Wahispania orujo.

Ile nyeupe iweke kwenye friji ya kawaida, itoke na nyuzi 10 hivi. Friza huua harufu, na harufu ndiyo anayoilipia. Ile ya rangi ya dhahabu, iliyolala kwenye mapipa, haitaki baridi kiasi hicho, nyuzi 17 zatosha. Lakini msidanganyike na chupa iliyoandikwa "joto la chumbani". Chumba chao si chetu! Rafu ya baa hapa mchana hufika 30, na pombe ya asilimia 40 ikipata joto hilo hukupiga puani tu. Itie kwenye friji kwa muda kabla ya kuitoa.

Mimina kidogo, kama mililita 30, kwenye gilasi ndogo ya mdomo mwembamba. Akiimwagia kwenye kahawa, mwache, ndivyo wanavyokunywa kwao.