Namna ya kukagua dawa ya Kichina ya magoti kabla haijaingia mdomoni

Nina duka la dawa muhimu njia ya Tukuyu, na kwa miaka mingi chupa za Kichina niliziacha zipite. Mteja anachomoa kichupa mfukoni: "Dada, hii mjomba kaniletea kutoka Tunduma, inanywewaje?" Namjibu sijui, kamuulize huyo mjomba. Tabia hiyo niliiacha mwezi wa Julai mwaka fulani, kule Isongole, Rungwe.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa viazi, na magoti yake hutangaza baridi ya Rungwe kabla ya redio. Ndugu mmoja akamletea chupa ya pombe yenye rangi ya chai kavu, na chini yake vipande vya mzizi vyeusi, vimekunjamana, vimechongoka upande mmoja. Akanywa kikombe kimoja cha kahawa baada ya kula. Nusu saa haijaisha, midomo ikaanza kumchonyota, ulimi ukawa mzito, kisha vidole. Akacheka. "Dawa kali hii, imeshaanza kazi." Akataka aongezewe.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, na mimi nililelewa hivyo. Hadi siku hiyo tulikuwa tukisalimiana ukuta ukiwa katikati. Usiku ule niliingia, nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo mawili, kimya, halafu matatu yamefuatana mbiombio, kimya tena.

Basi anzia hapo, kabla hata ya kusoma lebo: dawa ya kunywa ikikutia ganzi mdomoni, acha palepale. Watu wetu tumezoea kwamba dawa chungu ndiyo dawa, na inayouma ndiyo inayofika. Kwa mzizi huu wa akoniti, ganzi ni mlango wa kwanza wa sumu, na inayofuata ni kutapika, kuishiwa nguvu, na moyo kupoteza mwendo wake. Na usiiguse kwa ulimi eti "naonja tu nijue". Miligramu 2 za akonitini, ndiyo sumu yenyewe, zinatosha kumuua mtu mzima. Kiasi hicho hata kwenye ncha ya kijiko hukioni vizuri.

Mmea wenyewe ni jamii ya akoniti, una spishi zaidi ya 250, na karibu zote ni za milima na nchi za baridi za kaskazini mwa dunia. Huku kwetu haujiotei. Hata Kitulo na maua yake yote usiutafute. Wachina wanautumia tangu kale kwa maumivu ya maungo na kwa mtu mwenye baridi mwilini. Mzizi mama unaitwa chuanwu. Kiazi kinachochipua ubavuni mwake ni fuzi, maana yake mtoto aliyeshikamana na mama, jina ambalo mkulima yeyote wa viazi ataling'amua bila mkalimani. Upo caowu wa porini, na upo wa Yunnan na Sichuan unaoota miteremko ya mita 3,000, sawa na kilele chetu cha Rungwe, wanauita "shina moja la pakanga juu ya theluji". Jina zuri hivyo, lakini tangu 1988 serikali ya China imeuweka kwenye orodha ya dawa 28 za asili zenye sumu ambazo haziuzwi ovyo, pamoja na chuanwu, caowu na fuzi zikiwa mbichi.

Sasa igeuze chupa. Huhitaji kujua Kichina, unahitaji michoro michache tu, na mimi nimeibandika nyuma ya kaunta. Tafuta 乌, ambayo maana yake ni kunguru, kwa sababu mzizi ukikauka unafanana na kichwa cha kunguru. Utaikuta kwenye 川乌, 草乌 na 乌头. Kwenye lebo za Hong Kong na Taiwan huandikwa 烏, ina vidoti vinne chini. Kisha tafuta 附子, ndiyo fuzi, na 雪上一枝蒿, ndiyo ile pakanga ya theluji. Ukiielekezea kamera ya simu ikutafsirie, inaweza kukuletea "kunguru wa majani" ukadhani imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa.

Halafu angalia pembeni mwa boksi. 外 nyeupe ndani ya mraba mwekundu maana yake ni ya kupaka nje tu, na 外用 ni hivyo hivyo. 毒 nyeupe ndani ya duara jeusi ni sumu. Chupa ya baba mkwe haikuwa na lebo yoyote, na chupa ya namna hiyo haina cha kukaguliwa. Usinywe, basi. Yenye lebo nayo, uliza kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, au na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Pombe ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Akonitini huvunjika ikipikwa muda mrefu kwenye maji, inageuka kitu chenye sumu ndogo zaidi. Ndiyo maana Wachina huulowesha mzizi, huupika kwa maji au mvuke, na mgonjwa naye huuchemsha tena peke yake muda mrefu kabla ya kuweka dawa nyingine. Ukiulowesha kwenye pombe, sumu inatoka vizuri kabisa na hakuna kinachoivunja. Mwenye kukuambia "pombe imeshaua sumu" amekwambia kinyume.

Na usije ukasema utauchemsha mwenyewe jikoni. Unajua maharage yanavyotusumbua huku juu. Ukifika mita 2,000 maji yanatokota kwenye nyuzi 93 hivi, povu linapanda lakini joto halitoshi. Kama Isongole maharage ya asubuhi yanaliwa jioni, mzizi huu sikufundishi kuupika, wala simjui wa kukufundisha hapa Mbeya.

Mtu akishakunywa, usimtapishe kwa kidole na usimpe maziwa. Najua, nyumba nzima itapiga kelele "maziwa!" Mlaze, andika saa aliyokunywa, beba chupa na vipande vyake vyote, mpeleke hospitali yenye kipimo cha moyo, ECG. Ukiona zahanati ya karibu haina, usikae pale kusubiri foleni, omba gari. Sumu hii haina dawa maalumu ya kuizima. Kinachookoa ni kuulinda moyo mpaka mwili uitoe. Sisi tulikodi Noah ya jirani, na daktari aliniuliza mambo mawili tu: saa ngapi, na chupa iko wapi. Akijisikia nafuu baada ya saa mbili na kutaka kurudi nyumbani, usikubali. Baba mkwe alilalamika usiku kucha kwamba anafungwa nyaya kifuani kama betri, na saa tisa za usiku mashine ikaanza kulia tena.

Alilazwa siku tatu.

Kupaka nako kuna adabu yake. Mafuta mengi ya kuchua ya Kichina ni menthol na kafuri, kwa kawaida hayana ugomvi na mtu mzima akiyapaka tu. Yenye 乌 usiyapake penye kidonda au mchubuko, usiyafunike kwa kitambaa cha moto, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika ugali, kwa sababu sumu hupita hata kwenye ngozi.

Tulipomrudisha, swali lake la kwanza lilikuwa kama mabaki ya ile chupa anaweza kujipaka. Ilikuwa imebaki kwa daktari. Nilimkandia chumvi ya moto kwenye kitambaa, akaniambia haina ukali. Picha ya vile vipande bado iko kwenye simu yangu; akija mteja na kichupa, namwonyesha kabla hajamaliza kuniuliza inanywewaje.