SOMO: Betri ya laptopu imechoka kweli au inasingiziwa? Pima kwanza ndo ununue

Wakuu habari za saa hizi. Kila siku naulizwa swali lilelile, laptopu yangu haikai na chaji, ninunue betri nyingine? Na mi namrudishia mtu swali, umeipima? Kimya. Wengi wanabadilisha betri kisa mashine ina miaka minne, au fundi kaiangalia kwa macho tu akasema hii imekufa. Miaka peke yake haikwambii kitu, kuna betri ya miaka sita bado inadunda na kuna ya miaka miwili ishakwisha kwa joto. Mashine yako ina namba mbili humo ndani, ukizipata hizo na ukajua laptopu unaitumia wapi, hutahitaji kumuuliza mtu.

HATUA YA 1: Imevimba?

Hii inatangulia kila kitu. Zima mashine, ifunge, weka kwenye meza iliyonyooka, sukuma kona moja kwa kidole. Ikizunguka kama pia, kuna kitu kimetokeza chini na mara nyingi ni betri.

Yangu ilianza na tachipedi kuwa ngumu kubonyeza upande wa kushoto, nikasema ni vumbi hilo, nikapulizapuliza nikaendelea na kazi zangu kama wiki tatu hivi, siku nimefunga skrini naona haikutani na kibodi, pana mwanya hadi kucha inapita. Kufungua skrubu za chini nakuta betri imejaa kama kamto kadogo, imeisukuma tachipedi kwa chini. Ile ni gesi, kemikali za ndani zinavunjika na gesi haina pa kutokea. Na cha kushangaza chaji ilikuwa inakaa vizuri tu, kwa hiyo usiseme mbona yangu inakaa.

Ikiwa hivyo usiichaji tena, usiikandamize irudi, na tafadhali usiitoboe eti uitoe upepo, lithiamu ikiwaka haizimwi kwa kupuliza. Itolewe, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, ipelekwe wanapokusanya betri chakavu, sio jalalani. Hapo somo lako limeisha, nenda moja kwa moja kwenye kununua.

HATUA YA 2: Zitoe zile namba mbili

Kwa wa Windows, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri, andika powercfg /batteryreport afu bonyeza Enter. Itakuandikia faili imehifadhiwa wapi, ifungue kwa brauza yoyote. Shuka utafute Design Capacity, huo ni ujazo betri iliotoka nao kiwandani, na chini yake Full Charge Capacity, huo ndo ujazo inaofikia sasa hivi ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, zidisha kwa 100.

Mfano, kiwandani 47,520 mWh, sasa 31,080 mWh. Jibu ni kama asilimia 65. Maana yake skrini ikikwambia 100% ujue ni mia ya ndoo iliyopungua, sio ile ndoo ya mwanzo.

Wa Linux andika upower -i $(upower -e | grep BAT), utaona energy-full na energy-full-design, hesabu ni ileile. Wa Mac shikilia Option, bonyeza alama ya Apple juu kushoto, ingia System Information kisha Power, usome Cycle Count na Condition. Mzunguko mmoja sio kuchomeka chaja mara moja, ni kutumia jumla ya asilimia 100, leo 50 na kesho 50 ni mmoja. Mac za miaka ya karibuni zimetengenezwa kufika mizunguko 1000 zikiwa bado na asilimia 80 hivi, laptopu nyingi nyingine huwa zinaanza kuchoka kati ya 300 na 500.

HATUA YA 3: Hakikisha kosa ni la betri

Hapa ndo watu wanapoliwa hela. Chukua ileile ya 31,080 mWh, sawa na Wh 31 (mWh 1,000 ni Wh moja, na Wh ni wati zidisha kwa saa). Mashine inayokula wati 9 hadi 10 kwa kazi nyepesi, betri hiyo itaikalisha saa tatu na kidogo. Sasa kama yako inakaa saa moja na nusu, maana yake inakula wati 20, na hata ukiweka betri mpya ya Wh 47 haitafika hata saa mbili na nusu. Hapo mlaji ni mwingine, mwanga wa skrini umepandishwa mpaka mwisho, brauza ina tabu arobaini, kuna programu inajiapdeti kimyakimya, au feni imejaa vumbi inazunguka muda wote. Fungua Task Manager uone nani anakula prosesa kabla hujamlaumu asiyehusika.

HATUA YA 4: Amua

Msimamo wangu ni huu na mnaweza kubisha. Ile asilimia ya HATUA YA 2 ikiwa juu ya 80 achana nayo. Kati ya 50 na 80 inategemea na maisha yako, mtu ambaye laptopu inakaa mezani imechomekwa kutwa hana haja, anayezunguka nayo au mwenye umeme wa kukatikakatika abadilishe. Chini ya 50 badilisha tu, maana huko inaanza kuzima ghafla na kazi hujaisevu. Ila kama mashine yenyewe bawaba zimekatika, RAM haiongezeki na inagugumia ukifungua faili mbili, hiyo hela iweke pembeni ujichange mashine nyingine.

HATUA YA 5: Kununua

Usinunue kwa jina la laptopu, nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na betri mbili tofauti. Volti zifanane, ya 11.4 usiweke mahali pa 15.2. Angalia tarehe ya kutengenezwa, betri inazeeka hata ikiwa kwenye boksi haijaguswa. Na ukiona umbo lilelile, uzito uleule, ila lebo inasema ujazo ni mara mbili ya ile ya kiwandani, kimbia.

Kufunga kwenyewe sio kazi kubwa kama haijagundishwa kwa gamu. Punguza chaji mpaka chini ya 25, zima, chomoa chaja, fungua kifuniko, na kitu cha kwanza kuchomoa ni kebo ya betri, shika kichwa chake sio nyaya. Ikiwa ya gamu usichokonoe kwa bisibisi, mpe fundi.

MASWALI

Swali: Mkuu yangu inafika 30% inazima pap, kwenye ripoti ina 74. Hiyo nayo imekufa?
Jibu: Inawezekana kipimo kimepotea tu. Ijaze mpaka 100, itumie bila chaja mpaka ijizime, ijaze tena bila kukatisha. Hiyo haiongezi ujazo, inarekebisha usomaji. Ukirudia na bado inazima hapohapo basi ndani imechoka, badilisha.

Swali: Naiacha kwenye chaja usiku kucha, ndo naiua?
Jibu: Ikijaa inaacha kupokea, haipasuki kwa kuzidishiwa. Kinachoizeesha ni kukaa 100 muda mrefu tena ikiwa na joto. Kama mashine yako ina sehemu ya kuzuia chaji iishie 80, iwashe, na usiiweke juu ya godoro.

Swali: Kuna jamaa kaniambia niweke betri kwenye friza usiku mmoja inarudi kama mpya.
Jibu: Samaki ndo wanaokaa friza kaka. Utaitoa na unyevu, hutaitoa na chaji.

Swali: Naweza kuitoa nitumie umeme tu?
Jibu: Nyingi zinakubali, baadhi zinapunguza spidi au zinagoma kuwaka. Ila umeme ukikatika na kazi imeenda.

Swali: Mi nimeshanunua, ripoti inasema ujazo wa sasa ni sawasawa na wa kiwandani, mizunguko 0, ila inakaa dakika arobaini. Nimetumia mwezi mzima.
Jibu: Dada pole. Mwezi mzima namba haijashuka hata kidogo na mizunguko bado 0, hicho kichipu cha ndani ya betri kinasoma kilichoandikiwa. Ichaji ifike 100, fanya kazi nyepesi tu, andika saa uliyochomoa chaja na saa iliyojizima, picha ya ripoti weka pamoja, umrudishie aliyekuuzia kabla siku za kurudisha hazijaisha.