Umeokota pete na ditekta? Hivi ndo utajua ina thamani gani

Watu wakijua napitaga ufukweni na ditekta (ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa) swali la kwanza ni lilelile, "ushapata dhahabu?", na la pili "umeuza shingapi?". Niko Bournemouth huku kusini mwa Uingereza, ufukwe mrefu wa mchanga, kiangazi watu wanajaa kama Coco Beach siku ya Idi, halafu maji ni ya baridi, vidole vinasinyaa, pete inachomoka mwenyewe hana habari. Kwa hiyo pete zipo. Ila nyingi ni chuma cha pua au zile za kuchovya, na kabla hujaipata moja utafukua vifungulio vya kopo za soda mpaka uichukie soda yenyewe, maana kwenye mashine kile kifungulio na dhahabu vinalia karibu sawa.

Ukishaitoa mchangani, USIISUGUE. Mimi hapo niliumia. Nilipata pete ya fedha imepiga weusi kwenye shamba la mzee mmoja aliyeniruhusu nipite, nikaenda nyumbani nikaipiga dawa ya meno na mswaki ikang'aa kama imetoka dukani jana, nikaipeleka kwa muuzaji wa vitu vya kale akaigeuza mara mbili akaguna tu akanirudishia. Ule weusi ndo ulikuwa umri wake, na maandishi ya ndani nilikuwa nimeshayala nusu. Suuza na maji ya kawaida, iache ikauke, basi.

Halafu angalia ndani, na kilenzi cha sonara au hata kamera ya simu ukivuta karibu. Unatafuta namba: 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22, na 925 ni fedha. Maana yake ni sehemu ngapi kati ya elfu ni madini yenyewe. Pete za Uingereza zina pia alama ya mji ilikopimwa, kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, waridi ni Sheffield, ngome ni Edinburgh (mimi ya kwanza niliona nanga nikajua ni ya baharia, kumbe ya Birmingham tu). Ikiwa na herufi pembeni hiyo ni ya mwaka, unaitafuta kwenye jedwali unajua ilipigwa muhuri lini, ila tangu 1999 herufi sio lazima. Isipokuwa na muhuri usiitupe, dhahabu ambayo haizidi gramu moja sheria haiilazimishi kupigwa, na za zamani sana au za kutoka nje zinaweza zisiwe nao.

Hakuna muhuri? Fanya hivi. Pima pete kavu kwenye mizani ndogo ya kidijitali, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Tuseme imetoa 5.00. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, funga pete na uzi uining'inize izame yote lakini isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma namba nyingine, tuseme 0.45. Gawa 5.00 kwa 0.45 unapata kama 11, hiyo ni eneo la karati 9. Ikija 15 hivi ni karati 18, karibu 18 ni karati 22. Fedha inakuja 10 na kitu, chuma cha pua 8 hivi, titani haifiki hata 5. Angalizo, pete za tangsteni nazo zinacheza kwenye 15, ila ni ngumu balaa, tupa haiikwaruzi. Na pete yenye jiwe kubwa hesabu hii inakudanganya.

Sasa hela. Bei ya dhahabu unayoiona mtandaoni ni ya aunsi, gawa kwa 31.1 upate ya gramu. Pete ya gramu 4.2 ya karati 9 ina dhahabu safi gramu 1.575 tu. Kama gramu siku hiyo ni pauni 80 (namba ya mfano, we angalia ya leo), hapo ni pauni 126, na sonara atakupa pungufu ya hapo maana naye anakula. Vijialmasi vidogo wanunuzi wengi hawavihesabu kabisa. Jiwe kubwa lipelekwe kwa mtaalamu, kile kikalamu kinachopima almasi kwa joto peke yake hakitoshi, moisanaiti (jiwe linalofanana na almasi) inakidanganya.

Pete ya zamani ni habari nyingine, usiiuze kwa uzito. Ile ya Escrick, dhahabu na yakuti samawi katikati, mtu wa ditekta aliiokota 2009 karibu na York, makumbusho ya Yorkshire wakainunua pauni 35,000. Ila hizo haziuzwi kienyeji. England, pete yenye zaidi ya miaka 300 na angalau asilimia 10 dhahabu au fedha ni hazina kisheria, una siku 14 kuripoti, makumbusho wakiitaka unalipwa, na kawaida mnagawana na mwenye shamba. Na nyumbani Tanzania usithubutu kupeleka mashine Kilwa Kisiwani, pale ni mali kale, utaishia polisi.

Pete ya juzi nayo ina mwenyewe. Kukaa nayo kimya bila kumtafuta huku wanahesabu wizi. Ikiwa na majina na tarehe ndani piga picha ya nje tu, ya ndani mfiche, anayedai ni yake akutajie mwenyewe kilichoandikwa.

Mwenyewe asipopatikana na ukaruhusiwa kubaki nayo, zungukia masonara watatu siku hiyohiyo, wapime mbele yako, umeandika gramu zako kwenye simu tayari. Wakikuuliza unataka bei gani usitaje, sema "we nipe yako" halafu nyamaza.