Pedi ya Kuandikia: Namna ya Kuichagua na Kuitumia

Meza yangu ya kuandikia, kama zilivyo meza nyingi katika nyumba za Mombasa, imelazwa kioo juu, na chini ya kioo hicho kuna picha mbili za arusi, kalenda ya mwaka uliokwisha na risiti kadhaa ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa. Ni meza nzuri kwa kutazama, mbaya kwa kuandikia. Ukitandaza karatasi moja juu ya kioo na kushika biro, ncha huteleza, mstari hukatika katikati ya neno, nawe hujikuta ukikandamiza zaidi ili wino utoke, mpaka ukifika ukurasa wa tatu vidole vinauma na kiganja kimelowa jasho. Kwa kuwa mimi ni katibu wa chama cha kusaidiana katika maziko, na kumbukumbu za vikao vyetu bado huandikwa kwa mkono, nimelazimika kujifunza namna ya kuweka kitu laini, yaani pedi, baina ya kioo na karatasi, na nimegundua kwamba ulaini wenyewe una kipimo chake.

Kwanza ifahamike kwa nini pedi husaidia. Kwenye ncha ya biro, kalamu iliyopewa jina la László Bíró, mzaliwa wa Hungaria aliyepata hataza yake mwaka 1938, kuna gololi ndogo ngumu, ambayo katika kalamu za kawaida ina kipenyo cha milimita 0.7 au 1.0. Gololi hiyo haitoi wino mpaka izunguke, na haizunguki vizuri mpaka karatasi iikamate. Juu ya kioo au mbao ngumu, karatasi haibonyei hata kidogo, kwa hiyo gololi huigusa mahali padogo mno na mara nyingine huteleza bila kuzunguka. Karatasi ikiwa na kitu chini yake kinachokubali kubonyea kidogo, huikumbatia gololi, nayo huzunguka kwa mkandamizo mdogo tu. Faida kubwa ya pedi, basi, si starehe ya mkono bali ni kwamba kalamu inafanya kazi yake bila kulazimishwa, na mkono unapumzika kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo wengi tunapokosea, nami nikiwa wa kwanza. Pedi yangu ya awali niliinunua katika duka moja mjini, sponji nene ya milimita 5 hivi, laini kama mto, na muuzaji aliisifu kwa huo ulaini wake. Risiti ya kwanza niliyoiandika juu yake niliitoboa kwenye nukta ya herufi “i”. Herufi zangu zilipinda, kwa maana kila kalamu iliposhuka ilizama, na kila ilipopanda ilikuwa kama inajitoa topeni. Nilipoigeuza karatasi na kupitisha kidole nyuma, maandishi yote yalikuwa yametuna kama upele. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo: andika mistari mitatu, geuza karatasi, pitisha kidole. Ukihisi mikwaruzo hafifu, pedi inafaa. Ukiweza kuzihesabu herufi kwa kugusa tu, aidha pedi ni laini kupita kiasi au unakandamiza mno. Dukani, kabla ya kulipa, bonyeza pedi kwa ukucha wa kidole gumba: ukucha uingie kidogo tu na alama yake ipotee mara moja. Alama ikikaa, iache. Kwa biro, unene wa milimita 1.5 hadi 3 unatosha kabisa, mradi kitu chenyewe kiwe kigumu-kigumu na si sponji ya godoro.

Kabla ya kutoa pesa, hata hivyo, jaribu pedi isiyogharimu chochote. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo karatasi kumi zilizopangwa sawasawa ni kama milimita moja. Weka tano chini ya karatasi unayoiandikia, kisha kumi, kisha ishirini, na uandike sentensi ileile kila mara. Mkono wako utakuambia wenyewe unapendelea kiasi gani. Baadhi ya watu wataishia hapo hapo na wala hawatahitaji kununua kitu, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Anayetaka pedi ya kudumu ataangalia imetengenezwa kutokana na kitu gani. Ngozi ndiyo ninayoipenda mimi, kwa kuwa ni ngumu na laini kwa wakati mmoja, na kipande kilichobaki kwa fundi viatu, kikiwa kimenyooka na hakina makunyanzi, hufanya kazi vizuri kuliko pedi nyingi zinazouzwa zikiwa zimefungwa vizuri. Zile karatasi nene za sponji ngumu zinazouzwa pamoja na vifaa vya shule pia zinafaa: chukua yenye milimita 2, ifunike kwa manila iliyonyooka, uzibane kwa gundi kwenye ukingo wa juu peke yake ili zisijikunje. Plastiki laini inayonyooka kama kitambaa cha meza ina hila yake. Kemikali zinazoifanya iwe laini hutoka polepole, na ukiiachia karatasi ya fotokopi juu yake kwa siku nyingi, hasa katika joto letu, maandishi ya fotokopi hung'oka na kubaki kwenye plastiki. Vivyo hivyo, mpira usiulaze moja kwa moja juu ya meza iliyopakwa vanishi, kwani unaweza kushikana nayo au kuacha doa. Tanguliza kitambaa au karatasi.

Ukubwa nao una maana. Pedi ya ukubwa wa karatasi moja ya A4 haitoshi, kwa sababu mkono utakuwa nusu juu ya pedi na nusu juu ya meza, na ule ukingo utakusumbua kila ufikapo mwisho wa mstari. Tafuta iliyo kama A3, yaani milimita 297 kwa 420, uilaze hadi kwenye ukingo wa meza ulio upande wako ili kifundo cha mkono kisikatwe na ncha ya kioo. Iweke karatasi ikiwa imeinama kidogo kwa kufuata mkono wako, kisha uisogeze karatasi juu kadiri unavyoshuka, badala ya kuusogeza mkono. Ukiandika kwenye karatasi isiyo na mistari, chora mistari mizito kwa rula kwenye karatasi nyingine, uiweke baina ya pedi na karatasi yako. Itaonekana kwa chini na maandishi yatanyooka.

Kwa daftari au kaunta buku, kuiweka pedi chini ya kitabu kizima ni kazi bure. Kitabu kikiwa bado kipya, kurasa zilizo chini tayari ni pedi ya kutosha, pengine hata kuzidi, na alama za kalamu hupenya hadi ukurasa wa tatu. Kinachotakiwa ni kipande chembamba na kigumu zaidi, cha ukubwa wa ukurasa, kinachochomekwa moja kwa moja chini ya ukurasa unaouandika na kuhamishwa kila unapofungua ukurasa mpya. Wanafunzi wa Ujapani wanacho kipande kama hicho, wanakiita shitajiki, na madukani huko zipo ngumu na zipo laini. Kwa kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, weka kadibodi ngumu chini ya nakala ya mwisho, wala usitumie pedi laini kabisa, kwa sababu hapo mkandamizo ndio unaohamisha maandishi na pedi itaumeza.

Kalamu nyingine zina tabia zake. Penseli inakubaliana na pedi ngumu, ila juu ya pedi laini ncha yake huzama. Kalamu ya wino wa kujaza haihitaji kukandamizwa, kwa hiyo karatasi mbili tatu chini yake zinatosha, na zaidi ya hapo pembe za ncha hukwaruza karatasi inapobonyea. Anayenakili beti za Muyaka bin Haji kwa hati za Kiarabu, kama zilivyoandikwa zamani, na akatumia kalamu ya mwanzi, aweke ngozi au karatasi kadhaa, maana ncha pana ya mwanzi inahitaji kugusa karatasi kwa upana wake wote.

Limebaki suala la hewa yetu. Wakati wa kaskazi mkono hutoka jasho, na jasho na mafuta ya mkono huifanya karatasi ikatae wino, kwa hiyo laza karatasi safi chini ya kiganja na uivute kila unaposhuka. Kwa wanaoandika kutoka kulia kwenda kushoto kwa mkono wa kulia, karatasi hiyo huzuia pia kiganja kupita juu ya wino mbichi. Feni nayo itapeperusha karatasi juu ya pedi laini kwa wepesi, hivyo tafuta kitu kizito cha kuizuia kwenye pembe iliyo mbali na mkono. Masika yakiingia, unyevu hukaa kati ya pedi na kioo na kuzaa ukungu mweusi. Kila jioni isimamishe pedi ukutani kivulini, usiianike juani, kwani itajikunja na haitalala tena. Pedi ya plastiki au sponji ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ile ya ngozi kwa kitambaa kikavu, na kila baada ya miezi michache igeuze, juu iwe chini, ili shimo linaloanza kuchimbika pale kiganja kinapokaa lisije likazama zaidi.