Kishubaka cha Barua cha Karatasi Ngumu: Vipimo, Mikunjo na Kuunganisha

Vishubaka vingi vya barua vinavyotengenezwa nyumbani hupendeza vikiwa vitupu. Ukishaweka barua, za mbele zinafunika za nyuma, na baada ya wiki chache ukuta wa nyuma unaanza kupinda. Tatizo la kwanza ni la vipimo. La pili linatokana na mwelekeo wa nyuzi za karatasi, jambo ambalo wengi hawalifikirii kabisa.

Anza na bahasha. Ile ndefu ya kawaida, inayobeba karatasi ya A4 iliyokunjwa sehemu tatu, ina upana wa sentimita 22 na kimo cha sentimita 11. Ukitengeneza vyumba viwili vyenye sakafu ya usawa mmoja, vichwa vya barua zote vinalingana na huwezi kujua nyuma kuna nini. Kwa hiyo chumba cha nyuma cha kishubaka hiki kina kigoda cha sentimita 3 kinachonyanyua barua zake. Upana wa ndani ni sentimita 24, yaani sentimita 1 ya ziada kila upande ili vidole vipite. Kina chote ni sentimita 8, kila chumba 4.

Vifaa

Karatasi ngumu za A4, zile za kutengenezea kadi, zenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Kazi yenyewe inatumia 6, nunua 8. Gramu 250 inakubalika. Manila nyembamba haifai peke yake, ila ukigundisha mbili pamoja. Karatasi za mapambo ziwe za gramu 80 hadi 120.

Utahitaji pia kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, rula ya chuma, penseli ngumu iliyochongwa vizuri, bikari, gundi nyeupe ya maji, brashi bapa, vibanio vya nguo kama kumi hivi, na kalamu ya wino iliyokwisha kabisa. Usiitupe hiyo kalamu: gololi yake ndiyo inayochora mifereji ya mikunjo. Chini tandika mkeka wa kukatia au kadibodi nene usiyoihitaji.

Kutafuta mwelekeo wa nyuzi

Kiwandani, nyuzi za karatasi hulala kuelekea upande mmoja. Shika karatasi kwa kingo mbili zinazotazamana, uipinde taratibu bila kuikunja, uhisi inavyokataa. Kisha igeuze ushike kingo nyingine mbili. Pale inapokubali kirahisi, nyuzi ziko sambamba na mstari wa mpindo. Weka alama ya penseli kwenye kila karatasi, kwa sababu vipande vikishakatwa vidogo ni vigumu kujua.

Kuta tatu za mapana (nyuma, kati na mbele) zikatwe nyuzi zikiwa zimelala mlalo, kwenye ule urefu wa sentimita 24. Karatasi ni imara zaidi kufuata nyuzi zake, na ukuta umeshikwa kwenye ncha mbili tu, kwa hiyo katikati ndiko unakolegea. Mbavu za pembeni ni kinyume: nyuzi zisimame wima. A4 nyingi zina nyuzi za kufuata urefu, na vipimo vya hapa vimepangwa kwa hilo. Zako zikiwa na nyuzi za kukata upana, usizilazimishe, tafuta nyingine.

Vipande

Karatasi ya 1: ukuta wa nyuma, sentimita 27 kwa 20. Hesabu yake ni upana 24 na sikio la 1.5 kila upande (ukanda wa kukunja na kubandika kwenye ubavu), halafu kimo 16 na mguu wa 4 (ukanda wa chini unaokunjwa kulalia kitako).

Karatasi ya 2: ukuta wa kati, 27 kwa 14, yaani kimo 10 na mguu 4.

Karatasi ya 3: ukuta wa mbele, 27 kwa 11 (kimo 7, mguu 4). Ukanda unaobaki unatosha kigoda cha 23.8 kwa 9.8, lakini kwa shida: 11 na 9.8 ni 20.8, na karatasi yote ni 21. Kata ukingoni kabisa.

Karatasi ya 4: mbavu mbili, kila moja 8 kwa 15.5. Kimo cha nyuma ni 14, cha mbele 7, na 1.5 ya chini ni sikio la kukunja.

Karatasi ya 5: kitako, 24 kwa 8, na kiimarishi cha ukuta wa kati, 24 kwa 10.

Karatasi ya 6: kiimarishi cha ukuta wa nyuma, 24 kwa 16.

Kabla hujakata kitako, pima kona hadi kona. Mistari yote miwili ya mshazari iwe sentimita 25.3. Mmoja ukizidi mwingine hata kwa milimita 2, kitako kimekwenda upande na kishubaka chote kitafuata. Kosa hili halirekebishiki mbele ya safari.

Kukata

Pitisha kisu mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Anayekandamiza ili amalize kwa mara moja huisukuma rula, na wembe huacha ukingo wenye manyoya. Rula ilalie kipande unachokihitaji, ili kisu kikiteleza kiharibu kile cha kutupa. Wembe ukianza kuburuza nyuzi badala ya kuzikata, vunja ncha yake au badilisha.

Kwenye kuta tatu, toa pembe mbili za chini: mstatili wa 1.5 kwa 4 kila upande, ili mguu ubaki na upana wa 24. Kisha punguza urefu wa mguu kwa milimita 1. Karatasi ya gramu 300 ina unene wa karibu milimita 0.4, na mguu wenye 4 kamili utakwama kwenye ukuta ulio mbele yake.

Masikio ya ukuta wa nyuma yaishie kwenye kimo cha 14. Sentimita 2 za juu hazina sikio, ni za mapambo. Sasa ubavu: kutoka 14 kwa nyuma hadi 7 kwa mbele, chora mstari mmoja ulionyooka. Hapo kwenye sentimita 4, unaposimama ukuta wa kati, mstari utakuwa kwenye 10.5. Ni sawa. Ila masikio ya ukuta wa nyuma na wa kati yanakunjwa kuelekea mbele, na mbele ubavu unashuka, hivyo kona zake za juu zitachungulia nje. Zikate mshazari: kwenye mkunjo acha kimo kilivyo, ukingo wa nje ushuke kwa sentimita 1.5.

Mikunjo

Kila mkunjo uchorewe mfereji kwanza. Weka rula, kandamiza kalamu isiyo na wino, uivute mara mbili kwenye mstari uleule. Mfereji unapoingia upande mmoja, upande wa pili hutokea kituta chembamba, na kituta hicho kinatakiwa kubaki ndani ya mkunjo. Kwa maneno mengine, kunja kwa kwenda mbali na mfereji. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mfereji unaonekana kama unaalika kukunjwa, halafu wanashangaa karatasi kupasuka mgongoni.

Mikunjo ya miguu inafuata nyuzi na itatii mara moja. Ya masikio inazikata nyuzi, nayo ndiyo hupasuka. Iongezee mvuto mmoja wa kalamu, kunja kidogokidogo, kisha lainisha kwa mgongo wa kijiko ukiwa umetanguliza kipande cha karatasi juu yake ili usiache mng'ao. Karatasi iliyopakwa rangi juu tu, yenye moyo mweupe, itaonyesha mstari mweupe hata ukiwa mwangalifu. Penseli ya rangi inayofanana, ikipitishwa ubavuni mwa ncha yake, inauficha vya kutosha.

Kigoda kina mifereji miwili, sentimita 3 kutoka kila ukingo mrefu. Katikati inabaki 3.8.

Mapambo

Haya yafanyike vipande vikiwa bado bapa. Ukishaunganisha, kisu hakifiki popote.

Gundisha kwanza viimarishi mgongoni mwa ukuta wa nyuma na wa kati, nyuzi zikielekea upande mmoja na za ukuta. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gundi nyeupe ina maji. Karatasi ikinywa maji hutanuka, na inatanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Ikikauka inajikunyata na kuvuta ilichoshikana nacho. Ukigundisha upande mmoja peke yake, ukuta utajikunja kuelekea huko. Dawa yake ni kusawazisha: kiimarishi mgongoni, karatasi ya mapambo usoni, vyote kwa mkupuo mmoja, halafu chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Funika kila upande kwa karatasi isiyoshika gundi, ile ya kuokea inafaa sana. Gundi yenyewe ipakwe nyembamba kwa brashi, kutoka katikati kwenda kingoni. Ikichuruzika pembeni unapokandamiza, ilikuwa nyingi.

Ukuta wa mbele hauna kiimarishi. Ukitaka kuuvika karatasi ya mapambo, tumia utepe wa gundi ya pande mbili badala ya gundi ya maji.

Kwa ukingo wa juu wa ukuta wa nyuma, mawimbi ndiyo rahisi: bikari ya nusu kipenyo sentimita 1.5 inakupa mawimbi 8 kamili kwenye sentimita 24. Vituo vya bikari vikae kwenye mstari wa kimo cha 14.5, ili kilele cha kila wimbi kiguse 16.

Ukipenda nakshi ya matundu, iweke kwenye ukuta wa mbele. Acha sentimita 1.5 bila tundu kutoka kila ukingo na kila mkunjo. Vijiti vinavyotenganisha matundu visipungue milimita 4. Vyembamba zaidi ya hapo hukatika siku mtu anapochomeka barua kwa haraka. Kata matundu madogo kabla ya makubwa, wakati karatasi bado ina nguvu ya kujishikilia, na zungusha karatasi badala ya kuzungusha mkono. Nyuma ya matundu bandika rangi inayopingana na ya mbele, la sivyo nakshi haionekani kutoka mbali. Kwa maoni yangu, nakshi kwenye ukuta mmoja na rangi tupu kwenye nyingine inatosha. Barua zenyewe zina stempu na mihuri, zitaleta fujo yake.

Kuunganisha

Laza kitako mezani. Chora mstari wa penseli sentimita 4 kutoka ukingo wa nyuma.

Paka gundi chini ya mguu wa ukuta wa nyuma, uuweke mguu ukielekea mbele, ukuta ukisimama sawasawa na ukingo wa kitako. Shikilia dakika mbili tatu. Ukuta wa kati usimame kwenye mstari, mguu wake nao kuelekea mbele. Ukuta wa mbele ni tofauti: unasimama kwenye ukingo wa mbele, mguu ukirudi ndani na kulalia mguu wa kati. Masikio yake pia yanarudi nyuma.

Sasa kigoda. Kabla hujakiingiza, weka uzito chini yake, kwa sababu barua za nyuma zimeinuliwa na zinaegemea nyuma, na karatasi tupu haina uzito wa kuzuia. Mchanga mkavu ndani ya mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa vizuri unatosha, au sarafu zilizobandikwa kwa utepe. Uzito ukae katikati. Paka gundi nje ya miguu miwili ya kigoda, kishushe kati ya ukuta wa nyuma na wa kati, na ubane kwa vibanio vilivyokanyagia kuta kutoka juu kama vinafika. Visipofika, jaza chumba kwa kitabu kinachoenea.

Kikigoma kushuka, usikisukume. Tazama masikio ya ukuta wa nyuma: huenda yamefunguka na kuziba njia. Kunja yawe pembe mraba, kisha jaribu tena.

Mwisho mbavu. Paka gundi nje ya masikio yote ya upande mmoja na juu ya sikio la chini la ubavu. Sikio hilo linaingia chini ya kitako. Anza kwa kulinganisha kona ya nyuma ya chini, kisha egemeza ubavu kwenda mbele ukikandamiza sikio moja baada ya jingine. Una kama dakika moja ya kurekebisha kabla gundi haijashika. Bana juu kwa vibanio, ukiweka kipande cha karatasi chini ya kila kibanio kisiache meno. Ngoja upande huu ushike nusu saa ndipo uende wa pili.

Simamisha kishubaka mezani uone kama kinacheza. Kikicheza wakati gundi bado mbichi, kishikilie kona mbili zinazotazamana na ukisokote taratibu hadi kitulie, halafu weka kitabu chumba cha mbele kiendelee kukibana. Gundi ikishakauka, njia iliyobaki ni kubandika kipande cha karatasi chini ya kona fupi.

Gundi nyeupe inashika ndani ya dakika, lakini inahitaji saa 24 kufikia nguvu zake. Usiweke barua kabla ya hapo. Kila chumba kinabeba bahasha 15 hadi 20 za kawaida bila kuta kutanuka. Bahasha kubwa ya sentimita 16.2 kwa 22.9 inaingia pia, ila iweke chumba cha mbele, kwa sababu juu ya kigoda itaupita ukuta wa nyuma kwa zaidi ya sentimita 3 na itauvuta.