Chimba wakati wa kaskazi: shamba la kanisa na njaa ya Februari

Mwezi wa Februari, ukitoka Malindi mjini ukapita Kakoneni kuelekea Langobaya, utaona mashamba meusi yaliyochomwa moto na watoto wanaorudi kutoka shule wakijua hakuna kitu jikoni. Sisi tunaozunguka na vikundi vya makanisa vijijini tumeanza kuyaona kama jambo moja. Aliyechoma mabua yake mwaka jana amechoma pia sehemu ya wari, yaani ugali, wa mwaka huu.

Makanisa ya huku yamegawa unga wa msaada miaka mingi. Sina ubaya na unga. Mtoto aliye na njaa leo hangojei mavuno. Ila gunia lile huisha kabla mwezi haujaandama, na foleni inaanza upya. Na tangu maafa ya msitu wa Shakahola, mwaka wa 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Mungu, naona kila mhubiri wa Malindi na Magarini ana deni la kusema waziwazi kwamba kumlisha mtoto ni ibada. Akalisemee shambani, na jembe mkononi.

Njia tunayofundisha inaitwa Kilimo cha Njia ya Mungu. Ilianzishwa Zimbabwe miaka ya 1980 na mkulima Brian Oldreive, ikasambazwa na makanisa sehemu nyingi za Afrika. Huligeuzi shamba lote kwa jembe wala trekta, unachimba mashimo tu. Hufagii wala huchomi, unafunika udongo. Unapanda kwa wakati. Jirani zetu Waislamu wanakiita kilimo cha mashimo, basi. Mahindi hayaulizi dini.

Anza na kipande cha mita 6 kwa 6. Watu hucheka, "Mwalimu, hii ni kaburi ama ni shamba?" Wacha wacheke. Aliyezoea kukwangua ekari tatu akivuna magunia mawili hawezi kuhudumia ekari tatu vizuri, na kipande hiki kinakaa mbele ya kanisa ambapo kila mtu atakiona Jumapili kwa Jumapili.

Chimba wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua likiwa kali na kazi nyingine hakuna. Chukua kamba ya katani, ifunge fundo kila sentimita 60, uivute kukata mteremko ili maji yasipate njia ya kushukia. Kila penye fundo chimba shimo la kina cha sentimita 15. Mstari hadi mstari uwe sentimita 75. Kipande chako kitapata mashimo 80. Tia nusu lita ya samadi iliyooza katika kila shimo; kwa jumla ni ndoo mbili za lita 20, na boma lenye mbuzi watano halikosi ndoo mbili. Samadi mbichi itaunguza mche, hiyo usiiguse. Rudisha udongo kiasi, uache shimo na kibonde cha kunasa maji.

Masika yakianza na udongo ukiwa umelowa mpaka chini, panda siku ileile au kesho yake. Tia mbegu tatu za mahindi kila shimo, funika kwa udongo wa sentimita 5, kisha ng'oa mche dhaifu wabaki wawili. Hapa ndipo kuchimba mapema kunapokulipa: jirani anangoja mvua ilainishe ardhi ndipo aanze kulima, na akimaliza kulima, wiki mbili za mvua zimekwenda. Huku bara ya Malindi, ambako mvua hupungua kadiri unavyoiacha bahari, wiki mbili ni tofauti ya gunzi lililojaa na gunzi lenye mapengo.

Mbegu nayo. Mwaka mmoja wafadhili fulani, watu wema kabisa, walituletea mahindi ya H614. Ile ni mbegu ya kina Kitale, ya baridi na mvua ndefu. Yaliota mahindi marefu, majani mapana kama ya mgomba, watu wakapiga picha. Mvua ikakatika yakiwa hayajabeba, tukalisha ng'ombe. Pwani chukua PH1 au PH4, na penye ukavu zaidi DH04. Kati ya mistari weka kunde, na pembeni mihogo: Tajirika, Karembo au Shibe, aina zilizotoka kituo cha utafiti cha Mtwapa. Muhogo wa Kibandameno ni mtamu, hakuna anayebisha, lakini magonjwa yanaupenda kuliko sisi.

Sasa blanketi, yaani kifuniko cha udongo. Ndiyo sehemu inayokataliwa zaidi, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa shamba zuri ni lile lililofagiwa. Funika udongo wote katikati ya mashimo mpaka usiuone: mabua, nyasi, majani ya mkorosho na mwembe, hata makuti chakavu yaliyoshushwa paa likiezekwa upya. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa haamini. Siku ya tisa bila mvua, saa nane mchana, nilimwomba aingize kidole chini ya makuti, kisha akiingize kwenye shamba lake la kando. Chini ya makuti kidole kilizama na kutoka na tope. Kule kwingine kiligonga kama anabisha hodi. Hakusema kitu, alichukua panga akaenda kukata nyasi. Mchwa wataingia, ndiyo, ila hupenda kikavu kuliko kibichi; wakikosa mabua ndipo hugeukia mahindi yako.

Adui wa kweli wa blanketi ni mbuzi. Hapa mafundisho hayatoshi. Kaeni kikao na wazee wa kijiji na wenye mifugo kabla ya mavuno, mkubaliane mifugo ipite wapi. Mabua yaliyokatwa yapandisheni juu ya matawi ya mwembe mpaka msimu ujao. Viwavijeshi je? Pita asubuhi mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapochomoza, fungua moyo wa mche, ponda mayai na viwavi kwa vidole. Kipande kidogo kinaruhusu hilo, ekari tatu haziruhusu.

Watoto hawangojei mahindi yaive. Majani ya kunde huchumwa baada ya wiki tatu hivi. Chuma mara mbili au tatu, kisha acha kabla ya maua ikiwa unataka na mbegu. Uji wa mtoto aliyevuka miezi sita usiwe wa mahindi matupu, saga karanga au kunde utie humo. Akina mama wa kanisa wafundishwe na zahanati kutumia kile kikanda cha rangi cha kupima unene wa mkono wa mtoto. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano akisoma chini ya sentimita 11.5, kwenye rangi nyekundu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Maombi mtayafanya njiani.

Mavuno yakija, Julai na Agosti, usikubali wachuuzi wa lori wayachukue yote kwa bei ya kutupa. Anika juu ya turubai, kamwe si chini kwenye mchanga. Kujua yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na mahindi hadi robo ya chupa, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kioo, bado mabichi, rudisha juani. Hili si la kupuuza: mwaka wa 2004 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu 125 huko Ukambani, na ilianzia kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Yaliyokauka yatie kwenye gunia lenye mifuko ya ndani isiyopitisha hewa, kaza shingo kila mfuko peke yake, uliweke juu ya mbao mbali na ukuta. Kila familia iandike kwa chaki kwenye gunia moja, "Februari", na lisifunguliwe kabla.